Thamani ya senti kuukuu imo katika muhuri ulioigonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo siku hizi limekuwa gumzo vijiweni, kuanzia Kariakoo hadi Magomeni, nalo ni biashara ya senti kuukuu. Tangu kiwanda cha sarafu cha Philadelphia nchini Marekani kilipogonga peni (sarafu zao za senti moja) za mwisho za matumizi ya kawaida tarehe 12 Novemba 2025, sarafu ambayo ilikuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1793, simu zetu zimejaa picha zinazodai kwamba peni yoyote ya zamani, na hata senti zetu za kikoloni zenye tundu, ni mali ya mamilioni. Sababu ya Marekani kuacha kuzitengeneza ni ya kihesabu: katika mwaka wa fedha wa 2024 kila peni iliigharimu serikali yao karibu senti 3.7. Uamuzi huo haukuzigusa peni ambazo tayari zimo mikononi mwa watu, ambazo ni nyingi mno na bado ni fedha halali kule kwao. Pamoja na hayo, watu wazima wenye akili zao wanatoa shilingi zao za leo kununua senti ambazo kesho hakuna atakayezitaka, na wengine wanauza kwa bei ya karanga sarafu ambazo kweli zina thamani, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Umri wa sarafu peke yake hauleti bei, na tundu lake haliongezi kitu, kwa sababu senti zenye tundu ziligongwa kwa mamilioni mwaka baada ya mwaka. Kinachoitenga senti adimu na senti ya kawaida ya mwaka ule ule mara nyingi ni muhuri wa chuma uliotumika kuigonga, na alama za muhuri huo zinaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye subira, mwanga mzuri na kioo cha kukuzia, hata kama sarafu imepita katika mifuko ya watu kwa miaka mingi.

Ili nieleweke, ni lazima nieleze kwanza namna sarafu inavyotengenezwa, maana wengi hudhani kwamba madini huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Sivyo. Kisahani cha madini kilichokatwa kwa kipimo huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kisha mashine huibana mihuri hiyo kwa nguvu kubwa hata picha na maandishi yakajichapa pande zote mbili kwa pigo moja. Muhuri mmoja huweza kugonga maelfu kwa maelfu ya sarafu kabla haujachakaa. Nao muhuri huo hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, ambao picha yake imeinuka kama inavyoinuka kwenye sarafu yenyewe. Zamani kandamizo moja halikutosha, kwa kuwa chuma kilishupaa kabla picha haijazama vya kutosha. Ilibidi muhuri urudishwe tanuruni, ulainishwe, kisha uwekwe tena chini ya muhuri mama na kukandamizwa upya. Fundi akiuweka vibaya, ukawa umezunguka hata kwa upana wa unywele, picha ya pili haikai sawasawa juu ya ile ya kwanza, na muhuri hubaki na herufi mbilimbili. Kila sarafu itakayogongwa kwa muhuri huo itatoka na kasoro ile ile, mahali pale pale, kwa kiasi kile kile.

Msomaji akilishika hilo, ameshika nusu ya elimu yote hii. Sarafu iliyogongwa kando, iliyopinda, au ambayo tundu lake halipo katikati, imepata ajali yake peke yake, na huenda hakuna nyingine iliyofanana nayo. Wako wanaozinunua sarafu za namna hiyo, lakini hilo ni soko jingine. Aina ya muhuri ni jambo linalorudiwa, na kwa hiyo linaweza kuthibitishwa: ukidai kwamba sarafu yako imetoka kwenye muhuri fulani, ni lazima ilingane alama kwa alama na sarafu nyingine ambazo zimekwisha kuchunguzwa na kupigwa picha.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni peni ya Marekani ya mwaka 1955, iliyogongwa Philadelphia. Muhuri wake wa upande wa kichwa ulikosewa kwa namna niliyoieleza, na kosa lenyewe ni kubwa kiasi kwamba tarakimu za mwaka, neno LIBERTY na maneno IN GOD WE TRUST yanaonekana mara mbili bila kioo chochote. Kwa kuwa muhuri ulizunguka kidogo, kilicho karibu na ukingo kimeachana sana, ilhali uso wa Rais Lincoln ulio katikati haukuathirika kwa kiasi hicho, na upande wa pili wa sarafu hauna kasoro hata kidogo. Wasimamizi walipogundua kosa, sarafu hizo zilikuwa zimekwisha changanyika na rundo kubwa la peni nzima, wakaona ni heri waziachie kuliko kuyeyusha rundo lote. Inakadiriwa kwamba kati ya 20,000 na 24,000 ziliingia mitaani, nyingine zikiwa chenji iliyofungwa ndani ya karatasi ya pakiti za sigara zilizouzwa kwa mashine. Hata leo iliyotumika, maadamu haijaharibiwa, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Kimarekani, wakati peni nyingine ya mwaka huo huo na ya kiwanda hicho hicho haina bei ya kutaja.

Ipo pia ya mwaka 1972, ambayo herufi zake mbilimbili ni nyembamba zaidi, na ya mwaka 1969 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco, ambayo ilipoanza kuonekana baadhi yake zilikamatwa na maofisa wa serikali kwa kudhaniwa ni bandia. Ya mwaka 1984 kasoro yake iko kwenye sikio la Lincoln, ambalo chini yake limeota ncha ya sikio la pili, na ya mwaka 1995 hutazamwa kwenye neno LIBERTY. Baada ya hapo kiwanda kilihamia kwenye mashine za kukandamiza muhuri kwa pigo moja, na makosa makubwa ya aina hiyo yakapungua ingawa hayakwisha.

Sasa niingie kwenye sehemu inayowapotosha wengi, nayo ni herufi mbilimbili za uongo. Nyingi kati ya picha zinazotumwa kwenye simu ni za sarafu ambazo muhuri wake haukuwa na kosa lolote, isipokuwa ulikuwa umelegea kidogo kwenye mashine. Baada ya pigo ulitikisika na kukwaruza herufi zilizokwisha chapika. Ukitazama kwa kioo utaona kwamba kivuli cha herufi kiko bapa na chini, kinang'aa kama kimepigwa pasi, na herufi yenyewe imekonda kwa sababu sehemu ya mwili wake imesukumwa pembeni. Kwa muhuri uliokosewa kweli, mambo ni kinyume: herufi imenenepa, picha zote mbili zimeinuka na zina mviringo wake, na kwenye ncha za herufi kama vile T, E au L utaona mpasuko mdogo, kama ncha imegawanyika mara mbili. Mpasuko huo ndio shahidi ninayemwamini kuliko wote. Sarafu inaweza kusagika mgongoni hata nywele za mfalme zikapotea, lakini ncha za herufi zilizo chini ya kivuli cha ukingo hukawia kusagika, na hapo ndipo pa kutazama kwenye sarafu iliyotumika sana.

Kuna uongo wa aina ya pili, ambao hutokana na muhuri uliochakaa. Chuma kikichoka, kingo za herufi huanza kuvimba na kutawanyika kuelekea ukingoni, sarafu ikatoka na maandishi yenye ukungu. Hiyo nayo haina bei. Uongo wa tatu umeletwa na simu zetu wenyewe, kwa sababu kamera ikitikisika, au ikijaribu kuinoa picha kupita kiasi, huchora mstari wa pili pembeni mwa herufi ambao kwenye sarafu haupo. Kwa sababu hiyo sikubali kutoa neno lolote juu ya sarafu niliyoiona kwa picha moja tu ya simu, na nashauri wengine wasikubali.

Namna ya kutazama ni rahisi. Kioo kile kidogo cha jichoni wanachotumia mafundi saa, chenye kukuza mara kumi, kinatosha kabisa. Sarafu ishikwe ukingoni kwa vidole viwili, mwanga utoke upande mmoja, kwa mfano dirishani asubuhi au kwenye taa ya mezani iliyoinamishwa, na sarafu izungushwe polepole ili kivuli cha kila herufi kihame. Kile kinachobaki mahali pake mwanga ukihama ni umbo la kweli, na kile kinachotoweka ni mng'ao tu. Kisha ichukuliwe sarafu nyingine ya mwaka huo huo na kiwanda hicho hicho, ziwekwe kando kwa kando na kulinganishwa. Mtu asiyejua senti ya kawaida inafananaje hawezi kuitambua isiyo ya kawaida, na ndiyo maana huwaambia vijana wanaonijia waanze na senti mia zisizo na thamani kabla ya kutafuta hiyo moja yenye thamani.

Mizani ndogo ya sonara na sumaku navyo vina kazi yake. Peni ya Marekani hadi mwaka 1982 ilikuwa na uzito wa gramu 3.11 kwa kuwa karibu yote ni shaba, na katika mwaka huo huo ilibadilishwa ikawa zinki iliyopakwa shaba yenye gramu 2.5. Ya mwaka 1943 ilikuwa ya chuma kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Chache mno zilizogongwa kwa shaba kwa bahati mbaya ni hazina kubwa, na kwa hiyo matapeli hupaka shaba zile za chuma. Ikinaswa na sumaku, maneno yameisha. Kwa upande wa Uingereza, ziko sarafu za peni mbili za mwaka 1983 zenye maneno NEW PENCE badala ya TWO PENCE, kosa la kuchukua muhuri wa aina ya zamani, nazo zilitoka ndani ya seti maalumu za wakusanyaji. Lakini maneno hayo NEW PENCE yalikuwa ya kawaida kwenye peni mbili za kuanzia mwaka 1971 hadi 1981, na hapa Dar es Salaam nimewaona watu wakizificha hizo za kawaida kana kwamba ni dhahabu, kwa kuwa ujumbe waliotumiwa ulisahau kutaja mwaka.

Tuje kwetu. Senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, bodi iliyoundwa mwaka 1919, zimejaa katika makopo na mitungi ya nyumba nyingi za mji huu: senti moja, ndururu yaani senti tano, na senti kumi ambayo wazee wetu waliiita peni, zote zikiwa na tundu katikati na pembe za ndovu upande mmoja. Mahali zilipogongwa huonyeshwa na herufi ndogo ambayo wengi hawajawahi kuiona ingawa wamezishika sarafu hizo tangu utotoni. H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilipatikana pia zenye SA, zilizogongwa Pretoria, na zenye I, zilizogongwa Bombay. Zisizo na herufi yoyote zilitoka London. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu za viwanda viwili au vitatu, idadi zao zikiwa mbali kabisa. Kwa hiyo anayeniuliza bei ya senti kumi ya mwaka fulani, na mimi humuuliza kwanza ina herufi gani.

Hapa pia upo mtego. Uchafu au mafuta yakijaza shimo la herufi kwenye muhuri, herufi hiyo haichapiki vizuri au haichapiki kabisa, na mtu akadhani amepata sarafu ya kiwanda kingine. Jambo hilo limewahi kutokea hata kwa wakubwa: mwaka 1922 peni za Marekani ziligongwa Denver peke yake, na kwa hiyo zote zilipaswa kuwa na herufi D, lakini ziko zilizotoka bila D kwa sababu ya mihuri iliyochakaa na kusuguliwa. Ni adimu, na kwa kuwa ni adimu wako wanaoikwangua D kwa kisu. Ukiweka kioo juu ya mahali herufi ilipopaswa kuwa, mkwaruzo wa kisu huonekana wazi, maana uso wa sarafu pale huwa umebonyea na rangi yake ni tofauti na pengine pote.

Sarafu inayoulizwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwezi Desemba mwaka huo huo kabla hajatawazwa. Hadithi yake ni kubwa kwa sababu kule Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni, lakini sarafu zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, na tayari zilikuwa zimegongwa na kusambazwa. Ndururu na senti kumi zake zilitoka kwa mamilioni. Iliyotumika huuzwa kwa dola chache. Nawaomba wanaotangaza kwamba ni sarafu ya mamilioni ya shilingi watuoneshe hata mtu mmoja aliyelipwa kiasi hicho.

Ambacho wangepaswa kukitangaza, na hawakitangazi, kipo ndani ya nchi yetu wenyewe, nacho ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuishiwa na fedha, walifungua karakana ya kugonga sarafu katika karakana za reli huko Tabora na kutoa sarafu za heller (senti za rupia yao), yaani heller 5 na heller 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu yenye picha ya ndovu, zote zikiwa na herufi T. Kazi hiyo iliisha mapema, kwa sababu Wabelgiji waliingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Mihuri ya heller 20 haikutoka kwenye muhuri mama mmoja wa kiwanda cha Ulaya. Ilichongwa papo hapo, na kila mchongo ulikuwa na tabia yake. Ndiyo maana sarafu hiyo, ambayo wengi huiona ya hovyo kwa sababu imegongwa vibaya na mara nyingi ina nyufa za muhuri, kwa mwenye kujua ndiyo yenye mengi ya kusoma kuliko nyingine zote zilizowahi kutumika katika ardhi hii.

Upande wenye taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni lao) na mwaka 1916, taji liko la aina mbili, kubwa na dogo, na mtu akiziweka mbili pamoja tofauti haimpotei. Upande wa pili, wenye 20 na neno HELLER ndani ya shada la majani, tazama herufi mbili za L zilizosimama pamoja. Katika muhuri mmoja ncha za L zote mbili ni kali; katika mwingine zote zimejikunja; katika mwingine ni L ya pili peke yake iliyojikunja. Juu ya hayo, ziko zilizogongwa kwa shaba nyekundu na ziko za shaba ya manjano, na kila mchanganyiko wa taji, herufi na madini huhesabiwa kuwa aina yake. Baadhi ya michanganyiko hiyo ni ya kawaida kabisa, na mingine wakusanyaji huitafuta kwa miaka. Hata rupia 15 za dhahabu, ambazo ziligongwa 16,198 tu, zina mihuri miwili: katika mmoja ncha ya pambo la upande wa kulia inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika mwingine inaishia chini ya herufi A ya kwanza. Hizo za dhahabu zimeghushiwa mno, na mtu asiinunue kabla hajaipima uzito, ambao ni gramu 7.168.

Mama mmoja jirani yangu hapa Magomeni aliniletea kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za marehemu baba yake, ambaye alifanya kazi katika reli ya kati. "Baba, nimekusafishia kabisa ili uzione vizuri," aliniambia, na kweli zilikuwa zinawaka. Alikuwa amezilowesha usiku kucha kwenye maji ya ndimu na ukwaju, kisha akazisugua kwa majivu kama tunavyosugua sinia za shaba siku ya shughuli. Ndani yake mlikuwa na heller 20 nne za Tabora. Moja ilikuwa na taji dogo, na kwenye neno HELLER nilihisi kwamba L ya kwanza ina ncha kali na ya pili imejikunja, lakini asidi ya ndimu ilikuwa imekula uso wa shaba, majivu yakalainisha kingo za herufi, na chini ya kioo palikuwa na mikwaruzo myembamba mamia kwa mamia, yote ikielekea upande mmoja. Ncha ambayo ingenipa jibu ilikuwa imeliwa. Rangi ilikuwa ya waridi, rangi ambayo shaba iliyozeeka kwa amani haiwi nayo kamwe. Nilimweleza, naye alisikitika zaidi kwa ajili ya baba yake kuliko kwa ajili ya fedha.

Kwa hiyo namsihi kila msomaji mwenye kopo kama hilo asiziguse sarafu zake kwa ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno wala mchanga. Ile rangi ya hudhurungi iliyokolea ni ngozi ya sarafu, na mnunuzi anayejua hutazama ngozi hiyo kabla ya kutazama kitu kingine. Vumbi la kawaida linaweza kuondoka kwa maji safi na kitambaa laini cha kukandamizia bila kusugua. Katika hewa yetu ya pwani yenye chumvi shaba hushika kutu ya kijani haraka, na dawa yake ni kuziweka mahali pakavu, kila moja ndani ya bahasha yake ndogo ya karatasi, mbali na mifuko ya plastiki laini ambayo hutoa unyevu wa kunata na kuzila sarafu polepole. Zile zilizowahi kutumika kama washa za misumari ya mabati, au zilizotobolewa kuwa mikufu, zibaki kuwa kumbukumbu za familia, maana bei yake ilikwisha siku ile.

Lipo jambo la mwisho ambalo linaniuma. Wako madalali wanaompigia mtu simu, wakamwahidi mamilioni kwa senti kumi ya kawaida, kisha wakamtaka atangulize ada ya ukaguzi au ya cheti kwa njia ya simu, na akishatuma hawapatikani tena. Mnunuzi wa kweli wa sarafu hamtozi muuzaji ada ili anunue mali yake. Anataka kuiona sarafu mkononi, anaitazama pande zote mbili na ukingoni, anaipima, na anaweza kukuonesha kwa kidole alama anayoilipia. Akishindwa kukuonesha alama, ukae na senti yako.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert: wafikirie kutenga siku maalumu ambapo wananchi wataleta sarafu zao zitazamwe na wataalamu na kuandikwa aina zake bila malipo, kwa sababu katika makopo hayo imo sehemu ya historia ya nchi ambayo haijawahi kuorodheshwa, na kila mwaka sehemu yake inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. La pili ni kwako, Ndugu Mhariri: kama nafasi itaruhusu, gazeti lichapishe picha kubwa na safi za heller 20 za Tabora, taji kubwa na taji dogo, na zile herufi mbili za L katika kila aina, bila bei yoyote pembeni, ili mwenye sarafu hizo aikate picha hiyo, aketi dirishani kwake na kioo cha fundi saa, na alinganishe mwenyewe kabla hajazungumza na dalali yeyote.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa sarafu,
Magomeni, Dar es Salaam